Ngozi za Kuku

...ngozi ya paja haitoki kirahisi kama ya kidari, lazima uingize kidole gumba chini yake na kuisukuma taratibu mpaka iachie, ukiivuta kwa pupa inakatika na mafuta yanabaki yameng'ang'ania nyama, yale ya njano, na hayo ndiyo baba watoto hatakiwi hata kuyaona, basi nayakwangua kwa ncha ya kisu, nayaweka kwenye sufuria ndogo iliyo motoni pamoja na ngozi nyingine, siyatupi, nani anatupa chakula nyumba hii, na sasa simu inaita ndani ya mfuko wa gauni, mikono yote inateleza, naitoa kwa vidole viwili, naibana kati ya sikio na bega, ni wifi yangu, dada yake baba watoto, nesi wa kliniki, Wifi umekaa, ananiuliza, nimekaa, namjibu, nimesimama na kisu mkononi, nyuma yake nasikia mlango ukibamizwa na mtu akiita mgonjwa anayefuata, Majibu yenu yametoka, anasema, ya kaka yameshuka, kolesteroli yake sasa haina neno, daktari amefurahi, mwambie aendelee hivyo hivyo, na mimi natabasamu peke yangu mbele ya kuku, kwa sababu aliyefanya kazi hiyo ni nani kama si mimi, ni mimi niliyeacha kumimina mafuta kwa chupa nikaanza kupima kwa kijiko, mimi niliyeleta maharage na dengu nyumba nzima ikanuna, mama mkwe akasema hiki ni chakula cha wodini, mimi niliyeuficha ufunguo wa pikipiki ya baba watoto, nikamwambia utembee mpaka karakana, fundi cherehani kutwa amekaa kwenye kiti, tumbo limelala juu ya mapaja kama mtoto aliyebebwa, akatembea, mara ya kwanza alirudi anahema akasema, mama watoto, unataka kurithi cherehani, na sigara nazo, zile alizokuwa akivutia nyuma ya choo akidhani sisikii harufu, mimi ndiye... Wifi, unanisikia, nakusikia, Yako ndiyo imepanda.

Yangu ipi, nasema. Kolesteroli yako, imepanda sana, inaizidi hata ile ya kaka ya mwanzo. Mmechanganya chupa, namwambia. Hatujachanganya, anasema, damu nimekutoa mwenyewe na jina nimeandika mwenyewe. Na kweli alinitoa yeye, nilikuwa nimemsindikiza tu mume wangu, nimekaa kwenye benchi na pochi yake mapajani, wifi akasema na wewe toa mkono, usikae hapo kama mzigo, nikatoa mkono kumridhisha. Mimi, wifi, mimi ambaye gauni la harusi linanitosha mpaka leo, na kule kwenye dobi ninakofanya kazi wananiita Ufito? Anacheka kidogo, cheko la kazini, Wifi, hiyo haiangalii kiuno, wapo wembamba chungu nzima wanakuja hapa damu imejaa mafuta, halafu umri wetu huu, hedhi ikishakoma mambo mengi yanabadilika, wewe unakula nini? Nakula anachokula kaka yako, namwambia, na sufuria ndogo inaanza kulia, chwaa, ngozi za chini zimeshapata moto, zinajikunja pembeni, zinatoa mafuta yake zenyewe, huna haja ya kuongeza tone, ukiziacha kidogo zinakauka na kuvunjika kama biskuti, unanyunyizia chumvi, unakula umesimama, moto moto, ukisubiri wali ukauke, na kwa dakika hizo hakuna anayekuita, hakuna anayetafuta soksi... na ndipo naiona. Nimesimama naitazama sufuria kana kwamba nimeletewa na mtu mwingine. Mafuta yote niliyoyatoa kwenye sahani ya mume wangu, tangu daktari aliposema ale kwa uangalifu, hayakwenda jalalani. Hata siku moja hayakwenda jalalani. Ngozi ya kuku, ule ukingo mweupe wa nyama ya ng'ombe, utando unaoganda juu ya mchuzi asubuhi, naukomba kwa mkate, siagi niliyowakataza watoto nikaimaliza mwenyewe isiharibike, nilikuwa nayahamisha kutoka kwake kuja kwangu, kijiko kwa kijiko, na huku najisifu.

Wifi, upo? Nipo. Dawa bado, anasema, huna presha, huna sukari, daktari anataka tuanze na chakula na mwendo kisha tupime tena, ikigoma ndiyo tutazungumza habari ya vidonge, lakini usiifanye mchezo, na wewe tembea. Kutwa niko kwa miguu, namwambia, napiga pasi mashuka ya hoteli mpaka nyayo zinawaka moto. Kusimama si kutembea, wifi. Sawa, nimesikia. Utamwambia kaka au nimwambie mimi? Nitamwambia, nasema, na simu inateleza begani, naidaka kwa mkono wenye mafuta, amekwisha kata.

Nitamwambia, lini, si leo, leo ale kwa furaha, leo ni siku yake, nikisema sasa hivi chakula kitapoa na mama mkwe ataanza kuhesabu ndugu wote waliokufa, nitanyamaza, nitaacha ngozi kimya kimya kama nilivyozila kimya kimya, kuna haja gani... mama yangu naye alinyamaza. Alikuwa mwembamba kuliko mimi. Alikuwa akitupakulia sisi, kisha anabaki na sufuria, anakwangua ukoko, anakomba mafuta yaliyobaki chini kwa kidole, tukimwambia mama njoo ule anasema nimeshakula, na alianguka pale pale jikoni, mwiko mkononi, moyo, walisema, na majirani wakashangaa, mtu mwenyewe hata hakuwa mnene. Tulikuwa mezani, ndani. Tulisikia mfuniko ukianguka na kaka yangu akasema mama amedondosha tena. Tukaendelea kula. Sijui kilichomuua kilianzia wapi, hakuna aliyempima, lakini umri ule ndio huu wangu, na jikoni ni jikoni.

Nazima jiko. Sufuria inaendelea kulia peke yake, haijui kuwa moto umekwisha. Harufu yake ni nzuri, siwezi kusema uongo, mate yamenijaa, moja tu, ile ndogo ya pembeni, moja itafanya nini... Mama, leo unazila saa ngapi? Ni Kasuku, kitinda mimba wangu, amesimama mlangoni, huyu kila anachosikia lazima akipeleke mbele, ndiyo maana ya jina lake, na ameshika kisahani cha kikombe, amekishika kwa adabu kama mtu anayepanga foleni, kwa sababu wiki iliyopita nilimpa kipande, na juzi, nikamwambia usiseme. Leo hatuli, namwambia. Kwa nini? Kwa sababu zina mafuta mabaya. Na zile za juzi? Za juzi pia zilikuwa nayo. Ananitazama, anatazama sufuria, hesabu zinapita usoni mwake, halafu anakimbia na kisahani chake na namsikia sebuleni, Leo mama hali ngozi! na sauti ya baba yake, Ngozi gani? Za kuku wako, baba, yeye ndiye huzila, anasema zina mafuta mabaya, na mama mkwe, Nani anakula ngozi nyumba hii, mimi nimenyimwa ngozi muda wote huu nikaambiwa zinatupwa, ndiyo, mama mkwe, hilo tu ndilo ulilolisikia, na kifungua mimba wangu anacheka puani, yule haondoi macho kwenye kitabu lakini masikio yako kila mahali, na baba watoto hacheki, namsikia hacheki, kiti chake kinalia sakafuni.

Nachukua sufuria na kuimwaga kwenye mfuko wa takataka kabla sijafikiri mara ya pili, ngozi na mafuta, mkono unauma kana kwamba natupa nguo ambayo bado haijachakaa, nafunga fundo, nafunga tena. Vidari nilivyotangulia kuvichuna nikavichemsha kwa nyanya na vitunguu viko tayari, mapaja ni ya kesho, wali, mboga bakuli kubwa, machungwa niliyoyakata asubuhi. Nabeba trei. Wifi amepiga, nasema nikiwa bado mlangoni, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma, majibu yako mazuri, baba, yangu ndiyo mabaya. Wewe, anasema, wewe unayepeperushwa na feni, na anataka kuendelea na utani wake, mdomo umeshafunguka, kisha anamtazama Kasuku na kisahani chake, ananitazama mimi, na anauacha utani. Ulikuwa unazila wewe, anasema. Nani mwingine, nasema, ningezitupa? Kesho tunatembea wote wawili mpaka karakana, anasema baba watoto, kisha unaendelea kwenye dobi, nitakusindikiza mpaka pale kwenye kona, na usinitangulie, miguu yako mirefu. Tutaona, nasema. Pakua, mama, anasema, chakula kinapoa.

Napakua, nahesabu kama ninavyohesabu siku zote, mama mkwe, baba watoto, kifungua mimba, Kasuku, wanne, wote wapo, na miguu yangu yenyewe inageuka kurudi jikoni, imezoea, sahani zimekwisha mkononi kwa sababu huwa nabeba nne. Nasimama. Nafungua kabati, natoa ya tano, ile yenye ufa ukingoni, natia wali, natia mboga, natia kidari kisicho na ngozi, cheupe, hakina hata mng'ao, navuta kigoda. Sogea kidogo, namwambia kifungua mimba. Anasogea bila kuinua macho kwenye kitabu. Nakaa. Nahesabu tena, watano.