Haradali Iliyoanikwa Mchangani

Mama Emérance alikuwa akiishi kwa vijiko vya uji tangu Januari. Ukimletea samaki kuhe au ugali, anafunga mdomo. Siku moja tu alisema, "Ningepata samaki mukebuka wa haradali, kama nilivyopikia masista, pengine ningekula."

Mumewe, Papa Télesphore, alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Msafiri wa boti alimletea kifuko cha mbegu nyeupe za haradali kutoka Kigoma, akazipanda zote nyuma ya nyumba, kwenye ukanda ambao ziwa lililofurika halijaumeza. Zilichanua manjano, zikafunga maganda yenye vinyweleo. Kila asubuhi mgonjwa aliuliza, "Zimekomaa?"

Mwezi wa tano, mvua zimekatika, alizikata. Kwa kuwa uani mlijaa maji, alizibeba hadi ufukweni, akazitandaza mchangani karibu na wanawake wanaoanika ndakala, dagaa wa ziwani.

"Papa, ndakala gani hizi ziko na majani?" Mama Pascasie, mmoja wao, alimcheka.

"Hii njo haradali. Chakula ya Emérance."

"Tandika hata shuka, Papa!"

"Fundisha bwana yako. Mimi nilianika vitu wewe hujazaliwa."

Jua la mchana lilipokaza, maganda yalianza kupasuka, ta, ta, ta. Mbegu ziliruka zikazama mchangani, rangi ileile, ukubwa uleule. Alizoa kila kitu kwa viganja, akachekecha. Mchanga ukapita pamoja na mbegu. Kwa haraka akamwagia maji, kama anayeosha mchele. Hapo ndipo alipoharibu kabisa: mbegu zilitoa utelezi, na kila moja ikajivika mchanga. Mama Pascasie hakucheka tena. Alipiga magoti, wakachambua wote wawili hadi jua likashuka, wakapata kiganja kimoja.

Télesphore alikisaga chote na chumvi na siki, akapaka mukebuka, akapika mwenyewe. Harufu ilipoingia chumbani, Emérance aliomba ainuliwe akae. Alitafuna mara moja. Kitu kikalia kati ya meno yake.

"Ni tamu, Papa," alisema, akameza kwa shida.

"Basi ongeza kidogo, mama. Kidogo tu."

Alitikisa kichwa. "Mbegu umebakisha?"

Télesphore alimsogezea kijiko kingine. Alingoja, kijiko hewani, mpaka mkono ukachoka. Kisha akaketi sakafuni kando ya kitanda, akala samaki yule peke yake, mchanga ukimlia kinywani, ili mke wake asimwone akimwaga chakula hicho.