Siku Lokbir Aliporudi Bila Tika

Wifi yangu Sunkesari hajui faragha. Akiwa na jambo la siri la kukuambia, hulisemea bombani, wakati wanawake wote wa kijiji wamepanga mitungi yao. Basi siku nne kabla ya siku ya tika alitua mtungi wake, akajishika kiuno.

"Jasmati, nasikia umetoswa mtoni kama nguo chafu."

"Nimebatizwa," nikamwambia. "Na nguo ilikuwa chafu kweli."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kutoswa ni shauri lako. Mimi nauliza habari za mume wangu. Ndugu yako utampaka tika, au humpaki?"

Hapo kicheko kikakatika. Maana milimani kwetu, siku hiyo moja katika mwaka, dada humketisha nduguye kwenye mkeka, humzungushia mafuta chini, huvunja tunda la jozi kizingitini, kisha humpaka tika, yaani rangi saba, kwenye paji la uso na kumvika shada la maua ya zambarau. Yama, mfalme wa mauti, akija kumchukua, hukuta mafuta hayavukiki. Huambiwa asubiri maua yanyauke, na maua yale hayanyauki. Ndiyo maana dada huitwa mlinzi wa mlango. Lokbir, mume wa Sunkesari, ni mdogo wangu, na dada mwingine hana.

"Njooni tu," nikasema, nikapakata mtungi kiunoni na kuondoka haraka. Mwenye jibu haondoki haraka hivyo.

Lokbir haogopi chui. Hamwogopi hata mkewe, na huo ndio ushujaa mkubwa zaidi. Lakini kifo anakiogopa mpaka akifika karibu na mahali pa kuchomea maiti huzunguka mlima mzima. Na woga ule nilimtia mimi.

Tulizaliwa watatu. Mkubwa alikuwa Hastabir. Mwaka niliojifungua binti yangu, siku ya tika ilinikuta nina siku mbili za uzazi, na mzazi kwetu ni najisi siku kumi na moja, hashiki kitu cha ibada. Hastabir alikuja, akasimama uani, akaniangalia kwa mbali. "Basi, mdogo wangu, mwakani," akasema, akarudi kwake. Mwezi haujaisha, aliteleza jabalini akikata majani ya nyati. Mama mkwe wangu hakunitukana. Alisema tu, "Mlango ulikuwa wazi." Heri angenitukana, matusi ningeyarudisha.

Miaka arobaini na minne nimeishi na maneno hayo matatu. Tangu hapo nilimpaka Lokbir mafuta kama mtu anayeziba paa linalovuja. Mduara mmoja ukawa mitatu, tunda moja la jozi likawa matano. Mwaka mmoja nilimmiminia kichwani hata nzi wakamsindikiza mpaka kwake. Naye, kila nilivyozidisha, ndivyo alivyozidi kuogopa. Mtoto humsoma mama usoni, na Lokbir alinisoma mimi.

Kanisani nilikwenda kwa umbea, sitaki kusema uongo. Nilikuwa mpika gongo la ulezi, na mpika gongo hujua habari za kijiji kizima isipokuwa za wale wasiokunywa. Wasiokunywa walikuwa wanakutana Jumamosi, siku ya mapumziko kwetu, kwenye kibanda cha bati juu ya mashamba. Nikaambiwa huko watu husimama wakasema dhambi zao mbele ya wenzao, bila kupigwa, bila kulewa. Nikajiambia, Jasmati, utakosaje?

Nikavua viatu, nikaketi mkekani upande wa wanawake, masikio wazi. Jumamosi ya kwanza mzee mmoja akakiri kwamba alisogeza jiwe la mpaka wa shamba kwa shubiri moja. Mimi nilijua ni hatua tatu, lakini nikanyamaza, mgeni hasahihishi. Jumamosi ya pili hapakuwa na dhambi ya maana. Ndipo mchungaji Aitaram, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akaeleza kwamba mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili.

Nikamwuliza palepale: "Mwanangu, mimi nina miaka sitini na sita na magoti haya unayoyaona. Nani atakayenizaa, na atanipitisha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Aitaram naye akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema kwa upole, "Mama, mtoto hajizai. Hutolewa gizani na mikono ya mwingine. Wewe ukubali kutolewa, basi."

Nilirudi nyumbani nikapika kwa hasira. Wiki nzima gongo langu lilikuwa chungu, wateja wakalalamika.

Jumamosi ya tatu nilisimama. Nilitaka kunyoosha goti tu, Mungu ni shahidi, lakini kinywa kikafunguka chenyewe: "Nilimwua kaka yangu Hastabir."

Hata watoto wenye mafua wakaacha kuvuta pua. Nikasema yote: uzazi, ua, jabali, na maneno matatu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Aitaram hakuharakisha. Alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, uhai wa Hastabir ulimpa wewe?"

"La."

"Ungeweza kumwongezea hata siku moja?"

"Nilidhani naweza."

"Mlango ule hukuwahi kukabidhiwa. Anayeushika ni mmoja. Aliingia humo mwenyewe, akakaa siku tatu, akatoka akiwa hai, na funguo anazo yeye."

Nani kati yenu amewahi kulala karibu na kinu cha maji? Siku za kwanza hulali kwa ngurumo ya mawe. Baadaye husikii tena, unadhani dunia ndivyo ilivyo. Halafu siku moja mtu anafunga maji, jiwe linasimama, nawe unashtuka: kumbe kulikuwa na kelele! Ndivyo ilivyokuwa kifuani mwangu. Jiwe lililosaga usiku na mchana kwa miaka arobaini na minne lilisimama. Nilikaa pale mkekani nikiogopa kupumua nisije nikaliamsha. Sikuona malaika, sikusikia sauti. Kilikuwa kimya tu, na kimya kile kilikuwa na mtu ndani yake. Jirani yangu alinigusa bega kuona kama nimekufa.

Gongo nikalimwaga, machicha nikawatupia kuku. Jogoo alilewa, akawika adhuhuri, akamkimbiza mbuzi wa watu. Wateja wangu walisimama uani na vikombe vyao kama wafiwa.

Nikabatizwa katika mto Daraundi, maji yatokayo moja kwa moja kwenye theluji. Nilimwambia Aitaram, "Mwanangu, mimi ni mzito, usije ukanizika badala ya kunibatiza." Akaniinamisha. Maji yakanifunika uso, baridi kama visu, na kule chini nikaona mwanga wa jua umevunjikavunjika juu yangu. Nikawaza: hivi ndivyo mtoto anavyouona ulimwengu kabla hajatoka. Nilipoinuliwa, nililia kwa sauti, ile ile ya mtoto mchanga, na sikuona haya hata kidogo. Milima ilikuwa ile ile, lakini naapa ilikuwa imeoshwa.

Sasa mwajua kwa nini niliondoka mbio pale bombani. Mimi nilikuwa nimeshatoka gizani. Lokbir alikuwa bado amekaa ndani ya mduara niliomchorea.

Siku ya tika walifika asubuhi. Lokbir hakuwa ametia kitu kinywani, kama desturi. Sunkesari alibeba sinia lake mwenyewe: rangi saba, mafuta, jozi, na shada.

"Nimekurahisishia," akasema. "Wewe nyoosha mkono tu, mimi nitaushika. Huyo Yesu wako akiuliza, mwambie wifi amekulazimisha."

"Yesu anakujua, wifi. Ataamini mara moja."

Lokbir akaketi mkekani. Mdogo wangu ana miaka sitini, lakini siku hiyo alikaa kama mtoto anayesubiri sindano. "Dada, fanya upesi," akasema. "Njaa inaniuma."

Haikuwa njaa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Nawaambia kweli, nilishawishika. Mafuta ni mafuta, ua ni ua. Ningempaka, angekula, angerudi kwake akiwa na amani hadi mwakani. Lakini nilimtazama usoni nikauona woga wangu mwenyewe, ule wa zamani, umekaa kwenye macho yake kama mpangaji asiyehama. Ningempaka leo kwa ajili ya nini? Mwenye mlango nilikuwa nimeshamjua.

"Lokbir," nikasema, "sikupaki."

Sunkesari akapiga ukelele. Lokbir hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema polepole, "Dada, Hastabir alirudi bila tika."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi unataka na mimi nife?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Miaka yote hii nilikupaka kwa sababu niliogopa. Nilidhani nisipochora, utaanguka. Nimekulea kwa hofu kama mtu alishaye sumu kidogo kidogo. Nisamehe. Wala mimi si mlinzi wako. Sijawahi kuwa. Yupo anayekushika, na mikono yake haitetemeki kama hii yangu."

"Maneno ya mtoni hayo!" Sunkesari akasema. "Mume wangu atashukaje kijijini paji la uso likiwa tupu kama la mtu asiye na dada? Watadhani umekufa!"

"Waambie nilikufa kweli, nikafufuka. Watakuja wenyewe kutazama."

Nikaingia ndani, nikarudi na beseni la maji ya moto na taulo. Nikapiga magoti, na magoti yangu yakalia kuliko kuku. Nikamshika Lokbir mguu.

Aliruka kama aliyekanyaga moto. "Dada! Utaniangushia dhambi!" Maana kwetu ndugu ndiye huinamia miguu ya dada. Dada kushika miguu ya nduguye ni mambo ya kinyume, mbingu zinaweza kupasuka.

"Kaa chini. Bwana wangu aliwaosha miguu wanafunzi wake, nami si mkubwa kuliko yeye."

"Niachie!"

"Nimemkama nyati miaka hamsini, Lokbir. Ukinitoka mkononi utakuwa wa kwanza."

Akajaribu, akashindwa. Nikauosha ule mguu, nyayo zilizopasuka, kucha nyeusi, udongo wa shamba la ulezi. Nikaosha na wa pili. Kisha nikasali. Sikuwa nimewahi kusali kwa sauti kwa ajili ya mtu, wala sikujua namna, nikazungumza kama ninavyozungumza na daktari wa kituo chetu cha afya.

"Bwana, huyu ni Lokbir. Ni mtu mzuri, ila mchoyo wa tumbaku. Anakiogopa kifo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Hastabir ni wako, sijui umemweka wapi, lakini nimeacha kumwuliza mwingine. Huyu hapa nakukabidhi. Sina mafuta. Nina mikono hii tu, na hii nayo naitoa. Mshike."

Nikaachia miguu. Hilo ndilo lililokuwa gumu, wapendwa, kuachia.

Palikuwa na kimya, na nilikitambua. Kilikuwa kile kile cha kibandani, kimeshuka uani kwangu kati ya kuku na beseni. Nadhani hata Sunkesari alikisikia, maana alikuwa amefungua kinywa aseme kitu, akakifunga, na mimi sijawahi kuona jambo kama hilo. Lokbir alikuwa analia bila sauti. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

"Nina njaa," akasema mwishowe. Safari hii ilikuwa njaa.

Akala ugali wa ulezi na maandazi kumi na moja, niliyahesabu. Kisha akateremka njia ya kijiji, paji la uso tupu, siku ambayo wanaume wote walikuwa na rangi saba. Watu walitoka milangoni. Sunkesari alitembea nyuma yake akiinamisha kichwa, sinia lake kwapani.

Asubuhi yake nilikuwa zizini nakama. Sitasema kwamba nililala vizuri. Imani yangu ilikuwa na umri wa mwezi mmoja, bado inanyonya. Mara nikasikia mtu akiita kutoka ng'ambo ya korongo, kwenye matuta ya Lokbir.

"Dadaaa! Nimeamka!"

Nikatoka mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya tuta, bila kofia, mikono juu.

"Nimeamka, dada! Sikupakwa na nimeamka!"

"Ameamka tangu alfajiri!" sauti ya Sunkesari ikafuata. "Anajipapasa kifua na kucheka! Njoo umchukue ndugu yako!"

Jua lilikuwa linagusa theluji ya juu, likishuka tuta kwa tuta kuelekea kwake. Likamfikia kichwani, mabegani, likamfunika mzima. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yangu yote: kwamba kila asubuhi aliyowahi kuamka, alikuwa ameamshwa hivyo hivyo. Mara elfu ngapi? Na mimi nilikuwa nimekodolea macho chupa ya mafuta.

Nyuma yangu nyati aliipiga ndoo teke, nikasikia maziwa yakimwagika yote kwenye mawe, wala sikugeuka.