Tumbawe la Mchangani

Mtaani walimwita Mama Pazia, kwa kuwa nyumba nyingi za pale zilijisitiri kwa kazi ya mikono yake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno mengi, na baada ya mkewe hakuna alichokipenda kama tangi lake la samaki. Tangi hilo la maji ya chumvi lilikaa sebuleni, pale ambapo mtu mwingine angeweka kabati. Mama Pazia alilitania mbele ya wageni: "Karibuni, huyo ni mke mwenzangu. Hapiki, hafui, lakini umeme anaumaliza yeye." Watu walicheka. Naye alicheka, ila si kila mara.

Siku mumewe alipoanguka karakanani, wenzake walimkimbiza hospitali. Mmoja wao akamletea Mama Pazia huko huko hospitali viatu vya mgonjwa pamoja na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Ndani yake, majini, kulikuwa na kitu cha duara, upana wa kiganja, rangi ya zambarau, kimejaa vidole vifupi laini kama zulia.

"Alikinunua asubuhi," yule mwenzake alisema. "Alikuwa akikionyesha kila mtu kama mtoto mchanga. Sikuona vyema kukitupa."

Mama Pazia alikipeleka nyumbani. Hakujua kinakaa wapi, basi akakiweka alipoona kinapendeza: juu kabisa ya jiwe, chini ya taa.

Kiharusi kilimwachia mumewe uhai, lakini kilichukua mkono na mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "kijiko". Kwa nini kijiko, hata daktari hakujua. Akisikia kiu, kijiko. Akiumwa, kijiko. Mwanzoni walimletea vijiko mpaka droo ikabaki tupu, naye akavitazama kama mtu aliyetukanwa. Taratibu mkewe akajifunza kusikiliza sauti badala ya neno. Kijiko cha njaa kilikuwa kifupi, cha maumivu kilivutwa.

Siku aliporudishwa nyumbani, mdogo wake ndiye aliyesukuma kiti cha magurudumu. Walipofika mbele ya tangi, mgonjwa akapiga kelele. "Kijiko! Kijiko!" Mkono wa kushoto ulikata hewa, ukielekea sakafuni.

"Anataka kulala chini," mdogo mtu alisema.

"Kijiko!"

"Basi anataka samaki walishwe, shemeji."

Mama Pazia akamwaga chakula tangini. Kelele ziliporudi kesho yake, akamwaga tena. Maji yakaingia ukungu, na kile kitu kipya kikaanza kunywea. Upande uliosugua jiwe ulichanika, weupe ukachungulia ndani.

Akakipiga picha, akaenda nayo kwa muuza samaki wa mapambo. Yule bwana aliikuza kwa vidole, akakuna kidevu.

"Nisikudanganye, mama. Nilipokea mzigo mchanganyiko, na picha yako imepigwa kwa juu. Kinaweza kuwa mnyama laini mtupu, yule anayehama apendavyo. Kinaweza kuwa tumbawe, ambalo chini yake lina jiwe. Kakipapase huko chini, kisha uniambie. Usikitoe nje ya maji, na nyama yake usiibane."

Nyumbani alinawa, akasuuza sabuni yote, akazamisha mkono. Mumewe alimtazama. Kitu kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Chini yake kidole kilikuta jiwe lenye mistari iliyotoka katikati hadi ukingoni, imepangana kama marinda. Akatafuta mahali lilipobanduliwa, asipaone. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mkasi, na alijua kwamba kilichokatwa huacha alama. Hiki hakikuwa na alama yoyote. Hakikuwahi kushikana na mwamba wowote.

"Hakikai juu hiki," alijisemea. Kisha akageuka. "Mume wangu, ni cha mchangani? Ulikuwa unaniambia nikishushe?"

Mumewe akafumba macho, machozi yakamtoka. "Kijiko," akasema taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Akakilaza mchangani, penye kivuli, mbali na msukumo wa pampu. Muuza samaki alipoelezwa kwenye simu hakusita tena. "Hilo ni tumbawe sahani. Hulala peke yake mchangani. Ukiliweka juu ya jiwe, likivimba linajikwaruza."

Kuanzia hapo Mama Pazia aliishika kazi ya tangi. Maji yakipungua aliongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana kinachopotea hewani ni maji, chumvi hubaki. Kila hatua alimwuliza mumewe, na kidole cha kushoto kikiinuka ilikuwa ndiyo. Mara moja alishusha kwa kibano kipande cha kamba wa baharini, kidogo kama punje ya mchele, hadi kwenye mpasuko uliokuwa mdomo wa tumbawe. Vile vidole vikajikunja polepole, vikakivuta ndani.

"Hee! Linakula!" alipiga kelele, na alipogeuka akamkuta mumewe anacheka kwa nusu ya mdomo. Miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kukaa pamoja mbele ya tangi lile.

Lakini jeraha lilikuwa limetangulia mbali. Nyama iligeuka kahawia, ikamomonyoka siku hadi siku, mpaka ukabaki mfupa mtupu.

Mama Pazia alikaa sakafuni, miguuni pa mumewe. "Nimeliua mimi. Umelia mpaka sauti imekukauka, mimi nakuletea vijiko." Akaelekeza kidevu kwenye kioo. "Na nilikuwa nalionea wivu tangi lako, unajua? Watu walidhani natania."

Mkono wa kushoto ulishuka kichwani pake, ukakaa hapo muda mrefu.

Mdogo mtu alikuja, mtu mwema aliyekuwa amekesha hospitalini zamu nyingi. "Shemeji, tuseme ukweli. Una mgonjwa, una cherehani, na tangi hili nalo? Kuna mwenzangu kazini analitaka. Tumpe."

Mama Pazia alikuwa amechoka, akakubali. Akazamisha mkono aanze kwa kuutoa ule mfupa. Hapo mumewe akamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. "Kijiko."

"Limekufa, mume wangu."

"Kijiko!"

"Msamehe," mdogo mtu alisema. "Hajui, maskini."

"Anajua," Mama Pazia akajibu. "Tangu mwanzo alijua. Viziwi tulikuwa sisi."

Tangi likabaki, na mfupa ukabaki mchangani. Miezi ikapita. Mgonjwa hakupata neno la pili. Alizidi kupungua, usingizi ukawa mwingi, kumeza kukawa kazi. Asubuhi moja, akifuta kioo, Mama Pazia aliona kwenye ukingo wa mfupa vitu vya zambarau, vidogo kama vifungo vya shati la kichanga. Akampigia muuza samaki.

"Usiguse!" yule bwana alisema. "Hayo ni machipukizi. Pengine uhai hubaki ndani ya jiwe, sisi tusiuone. Ila usijipe moyo sana, mama. Mengi hayakui."

Akasogeza kiti cha magurudumu mpaka magoti ya mumewe yakagusa meza ya tangi. Mgonjwa alitazama hadi pumzi yake ikatia ukungu kiooni. Mkewe akapangusa, naye akatazama tena.

"Ulijua yatatokea?"

Kidole hakikuinuka.

"Ulitumaini tu?"

Kidole kikainuka.

Baadhi ya machipukizi yalikufa, kama walivyoambiwa. Mengine yalinenepa. Mama Pazia akamwita shemeji yake amsaidie kuhamisha cherehani kutoka chumba cha nyuma, akaiweka sebuleni ubavuni mwa mumewe. Tangu hapo mteja akija kupima pazia ilimbidi apite kati ya kiti na tangi, na Mama Pazia, pini mdomoni, alimwashiria kwa mkono apite taratibu, asitikise meza.