Neno la Kurejea

Ngala, mtunzaji wa nyumba za wageni, alisimama barazani na funguo mbili mkononi, akawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza swali ambalo kazi yake ilimlazimu kuliuliza.

"Hawa ni bwana na bibi?"

"Ni bwana na bibi," akajibu Bi Maimuna.

"Tumeachana," akasema Yusra, papo hapo, na majibu yao yakagongana.

Swabir, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiulizwa, aliinama akajifanya anafuta tope kwenye kiatu. Maskini Ngala! Kazi ya serikali ina mafunzo mengi, lakini hakuna aliyemfundisha la kufanya na mwanamke ambaye ni mke na si mke. Mwishowe alimkabidhi Bi Maimuna funguo zote mbili, lawama ikae na mkubwa, akaenda kuwasha taa ya sola.

Wala hapakuwa na mwongo kati yao. Swabir alikuwa amempa mkewe talaka moja, na mwanamke aliye ndani ya eda ya talaka moja huwa mguu ndani, mguu nje. Mumewe akitamka "nimekurejea," basi amerudi, na ndoa ni ile ile. Hahitaji mahari mapya, hahitaji walii wa kumwoza, wala hahitaji, na hapa ndipo palipomkosesha Yusra usingizi, ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Neno hilo likitamkwa kabla eda haijaisha, Yusra angerudi Ukunda, kwenye chumba kile kile na kitanda kile kile alichofia mtoto wao. Eda ikiisha kabla ya neno, Swabir angekuwa mwanamume kama wanaume wengine. Akitaka mke apeleke posa, ajibiwe ndiyo au la.

Tangu kuachwa, Yusra alikuwa ameshaona siku zake mara mbili. Ilibaki mara moja, ndipo eda iishe. Lakini nani angejua? Katika jambo hilo mwanamke huaminiwa kwa kauli yake, hata mbele ya kadhi. Alipanda Milima ya Shimba na uongo wake ameufunga tayari: akiulizwa, atasema eda imekwisha. Dhambi yake ataibeba mwenyewe. Alikuwa ameshabeba mazito kuliko hayo.

Safari yenyewe ilikuwa shauri la Bi Maimuna, shangazi yake Swabir. Kule Kikoneni, mama yake Yusra alikuwa ameapa kwamba Swabir hatakanyaga uani kwake maadamu yeye yu hai. Ukunda nako ni nyumba za kupanga. Ukikohoa, jirani anakuuliza umekunywa dawa gani. Ndipo Bi Maimuna alipokumbuka kwamba mkwe wake anafanya kazi hifadhini na angeweza kuwapatia zile nyumba za serikali ambazo siku hizi hazina wagombeaji. "Twende mahali ambapo wenye masikio ni ndovu tu," alisema. Alikwenda Kikoneni akarudi, akaenda tena, na Yusra akakosa namna ya kumkatalia. Huyu ndiye mama aliyekaa naye matanga yote, akamlisha uji kwa mkono wake.

Na nyumba zenyewe, jamani! Wavu wa dirisha umekula kutu, godoro limezama katikati, mashuka yamepigwa muhuri wa serikali palepale kifuani pa mtu, nani aibe shuka la namna ile? Maji yalikuwa ndani ya mtungi wa plastiki. Choo kilikuwa nje, kimeipa mgongo nyumba na kuelekea kichakani. Baridi ilipanda kutoka msituni, na Yusra, mtu wa joto la Pwani, alijikunyata ndani ya leso zake mbili bila kupata nafuu. Bi Maimuna akagawa vyumba: wanawake huku, Swabir kule.

Magharibi ilipokaribia, Ngala alirudi kutoa maagizo. "Shikamoo tena, mama. Giza likiingia hakuna kutoka. Ndovu hupita hapa hapa, kati ya nyumba na choo. Mwenye haja aniite nije nimsindikize. Nawaomba sana, asitoke mtu bila ruhusa yangu."

Yusra akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na Ngala akadhani amesema kichekesho.

"Usiwe na wasi, kaka," Yusra alimwambia. "Kwa kungoja ruhusa, mimi ni hodari. Muulize huyu."

Swabir aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Alijua alichoambiwa. Zamani kidogo, Yusra alikwenda Msambweni kwenye harusi ya binamu yake bila kumuaga mumewe, akarudi baada ya isha. Swabir alimkuta mlangoni, majirani wamekaa vibarazani, na mwanamume mbele ya majirani, mnamjua. Ulimi hauna mfupa. "Ukivuka tena mlango huu usiku bila idhini yangu," alimwambia, "usirudi." Kesho yake akasahau. Yusra hakusahau. Alilelewa akiambiwa kwamba utii ndio ngao ya mke, naye akaivaa ngao yake.

Kisha mtoto wao, Iddi, akashikwa na homa. Swabir alikuwa zamu ya usiku, akilinda nyumba moja ya kitalii kule Diani, na simu za walinzi hukaa kwa msimamizi mpaka zamu iishe. Yusra alipiga, akapiga, akapiga. Tuktuk zilikuwepo barabarani. Jirani alimwambia, "Mchukue mtoto uende!" Naye akajibu, "Namngoja baba yake aniruhusu." Swabir aliporudishiwa simu yake, kulikuwa kumekucha na hakukuwa tena na cha kuruhusu. Baada ya matanga alisimama mlangoni na macho mekundu, akasema, "Mama gani anayengoja simu?" Hapo hapo akamwacha.

Alimchukia. Tuseme kweli: Yusra alimchukia Swabir, na alijichukia yeye mwenyewe zaidi. Kila alipofumba macho alisikia ile sauti ya kike isiyo na haraka ikimwambia kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani.

Walikula barazani kwa mwanga wa taa hafifu. Bi Maimuna alikuwa amebeba hotpoti ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, na walikaa mkekani kuizunguka sinia. Swabir alichambua miiba ya samaki akasogeza mnofu upande wa Yusra, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mkono ulikwenda wenyewe, kisha ukajistukia ukarudi. Yusra aliula ule mnofu kwa sababu kuuacha kungekuwa kusema kitu.

"Swabir," Bi Maimuna akaanza, "sema ulilokuja kusema. Siku zinakwenda."

"Nitasema, shangazi."

"Lini? Hili ni lako. Halihitaji mashauri na mtu."

"Asubuhi," Swabir akajibu. "Nipe mpaka asubuhi."

Yusra alirudisha tonge siniani. Asubuhi, basi. Alinawa mikono akaingia ndani, na nyuma yake alimsikia Swabir akikusanya vyombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote.

Walipolala, wanawake wawili kwenye vitanda viwili vya chuma, Bi Maimuna alizungumza bila kugeuka. "Unanichukia, mwanangu?"

"La, shangazi. Nakuogopa tu."

"Mimi nilirejewa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nakuna nazi. Alipita nyuma yangu, akatamka, akaendelea zake msikitini. Hata hakusimama."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikamaliza kukuna nazi."

"Ulifurahi?"

Mbu walilia juu ya chandarua. Yusra alidhani mwenzake amelala.

"Wali uliiva," Bi Maimuna akasema hatimaye, akajifunika shuka la serikali mpaka kichwani.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka, miti haikuonekana. Mavi ya ndovu, mabichi, yalikuwa yamelala palepale Ngala alipoonyesha. Yusra alitoka baada ya swala ya alfajiri akamkuta Swabir ameketi kwenye ngazi, ana kanzu ya jana na uso wa mtu ambaye hakulala. Alikaa mbali naye, ncha ile nyingine ya baraza.

"Mama Iddi," Swabir akasema.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

Yusra alivuta leso yake mabegani. Swabir akangoja, kisha akaendelea akiutazama ukungu.

"Zile arifa za miito yako bado zimo kwenye simu yangu. Sijazifuta. Nilikuuliza ni mama gani anayengoja simu, na jibu nilikuwa nalo. Ni yule aliyekatazwa na mumewe. Nililijua nikiwa nimesimama mlangoni pale pale. Ndiyo maana nikakuacha, Yusra. Nisingeweza kuishi na mtu anayelijua."

Tangu siku ya maziko, Yusra alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Alikuwa amejiambia kwamba siku atakayoyasikia kifua kitapoa. Sasa ameyasikia, na kifua ni kile kile, na mtoto yuko kaburini vilevile. Alimwonea huruma Swabir, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Nataka kukurejea," Swabir akasema. "Neno nimelala nalo mdomoni. Lakini kwanza niambie. Eda imekwisha?"

Ndani, Bi Maimuna aliyekuwa akikunja mashuka aliacha kukunja. Yusra alifungua kinywa, na uongo ukawa pale tayari, mfupi, mwepesi. Mungu amemkataza mwanamke kuficha yaliyomo tumboni mwake, hilo alilijua, lakini si hilo lililomzuia. Aliona kwamba akisema imekwisha atakuwa huru, na hatajua kamwe mtu aliyezaa naye ni mtu gani. Alitaka kujua kama angelitamka lile neno bila kumwuliza yeye. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka uhuru, na likamtisha.

"Haijaisha," akasema. "Bado mara moja."

Alimgeukia akamkazia macho. "Basi sema, ukitaka. Mimi sina la kukuzuia."

"Bismillahi, mwanangu," sauti ya Bi Maimuna ikatoka dirishani. "Sema."

Midomo ya Swabir ilifunguka. Yusra aliuona ulimi ukinyanyuka. Kisha midomo ikafungika, na koo likapanda na kushuka, kama la mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Nimesikia," Swabir akasema. Akainuka, akachukua mkoba wake Yusra, akaupeleka kwenye gari walilokuja nalo.

Njia nzima Yusra alilingoja lile neno. Alilingoja kwenye kona za mteremko wa Kwale, akalingoja Ukunda gari lilipopunguza mwendo karibu na mtaa wao, akalingoja walipopita Msambweni. Bi Maimuna alilia kimyakimya kiti cha mbele, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kikoneni, Swabir aliusimamisha mkoba nje ya ua asiokanyaga, akasema, "Kwaheri, Yusra," akarudi alikotoka.

Mama mtu alimhoji usiku ule na siku zilizofuata: amesema, hajasema? Hajasema. Basi ajitokeze mtoto wa watu atamke tuone, mama akafoka, huku kila gari likipita anakwenda kuchungulia. Yusra hakwenda kuchungulia. Alikaa ndani akisikiliza.

Siku zake za tatu zilimjia asubuhi moja akichagua mchele, na eda ikaisha. Alikuwa amejiandaa kusema alhamdulillahi. Badala yake aliuweka ungo chini, akakaa kitako kwenye sakafu ya jiko, akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia, mpaka mama yake akaja mbio kutoka kisimani, ndoo ikimwagika.

"Kuna nini? Nani amekwambia nini?"

"Hakuna, mama," Yusra akasema. "Hakuna aliyeniambia kitu."