Hatua Isiyo Yake

Tangu asubuhi Tjitske alikuwa mikono tu. Ndiyo kazi ya mwendeshaji katika mashindano ya sataranji ya kompyuta: mpinzani akicheza, unaiandikia mashine yako hatua yake, mashine ikishafikiri, unasogeza kete ubaoni kama ilivyoagiza, kisha unabonyeza saa. Kuishauri ni marufuku.

Kwa miaka saba mikono hiyo ilikuwa ya mume wake, Wiebe. Kila Novemba alikuja hapa mjini Leiden, kwenye bwalo hili la shule lenye harufu ya supu ya njegere, na programu aliyoiandika mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Aliiita Reiger, jina la korongo anayesimama kutwa kando ya mfereji akingoja samaki. Miaka saba, na Reiger hakuwahi hata mara moja kuifunga mashine ya Gerlof, rafiki yake wa tangu chuoni. Mwezi Machi, amebaki mifupa kitandani, Wiebe alimshika mkewe mkono. "Mpeleke mara moja tena. Amfunge Gerlof, mara moja tu." Aprili wakamzika.

Sasa ilikuwa Jumapili mchana, raundi ya mwisho, na aliyeketi ng'ambo ya ubao alikuwa Gerlof.

"Shemeji, kula basi," alisema akimsogezea mkate wa jibini. "Korongo wako akianza kufikiri, mfereji utaganda na utayeyuka hajamaliza."

"Wewe mwangalie wako. Naona anatoa moshi."

Gerlof akacheka, akasogeza farasi mweusi mbele ya malkia. Tjitske akaandika. Reiger akafikiri dakika nne, kisha akaagiza farasi mweupe aruke karibu na mfalme wa Gerlof. Tjitske akamweka, akabonyeza saa.

Nyuma yake mtu akapiga mluzi.

"Jamani! Huyu ni korongo kweli?"

"Malkia anaingia hapa, unaona? Mfalme hana pa kutokea."

"Kumbe siku zote alikuwa anatuchora tu!"

Watu wakaacha supu zao wakasogea. Gerlof aliutazama ubao, akaitazama skrini yake, ambako tarakimu za kukadiria nani anashinda zilikuwa zikiporomoka. Akavua miwani.

"Wiebe, mshenzi wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Umeniweza."

Akanyoosha mkono juu ya ubao ili kukubali kushindwa.

Kabla ya kuupokea, Tjitske aliigeukia skrini yake. Alitaka kuiona hatua ile mara moja tu, ili aikumbuke. Hapo akaona. Farasi weusi walikuwa wawili, na wote wawili wangeweza kufika mbele ya malkia. Ubaoni alikuwa amekwenda wa kulia. Yeye alikuwa ameandika wa kushoto. Reiger alikuwa amefikiria ubao usiokuwepo, na hatua iliyowasimamisha watu haikukusudiwa kuua. Kule kwenye skrini ilikuwa ya kujinyoosha shingo tu.

Skrini ilimwelekea yeye, na watu wote walikuwa wakiutazama ubao. Mkono wa Gerlof ulikuwa bado hewani.

Akamkumbuka Wiebe akifuta kazi ya wiki tatu, baada ya mchezo ambao Reiger aliushinda kwa bahati. "Kama sijui kwa nini ameshinda, hajashinda," alisema, na aliendelea kufuta huku chai ikipoa.

"Bwana mwamuzi," Tjitske akaita. "Nimekosea kuandika."

Gerlof akainama juu ya ubao, akaisoma skrini ya Tjitske kichwa chini. Akaelewa.

"Shemeji, nyamaza," akanong'ona. "Mimi sijaona kitu. Chukua mkono."

"Gerlof."

"Nakuomba. Miaka saba nimemfunga, na mazishini sikuwa na cha kumpa. Niache nimpe hii."

"Si yake. Ni ya kidole changu."

Mwamuzi akaja, akasikiliza, akawarudisha pale kosa lilipotokea. Dakika zilizopotea zilipotea. Tjitske akaandika farasi wa kulia, pole pole, herufi moja moja. Reiger akafikiri. Kisha akaagiza mfalme wake asogee hatua moja, akajibanze pembeni.

Kuna aliyecheka, akajizuia. Watu wakarudi kwenye supu.

Tjitske aliitambua hatua ile. Ilikuwa ya mtu aliyejaribu kitasa mara tatu kabla ya kutoka nyumbani, aliyebeba mwavuli hata jua likiwaka. Woga ule Wiebe aliuandika humo mstari kwa mstari, pengine bila kujua. Akamshika mfalme kwa vidole viwili, kama Wiebe alivyozoea kumshika, akamsogeza. Machozi yakaanguka ubaoni, na Gerlof akayafuta kwa mkono wa sweta bila kugusa kete.

Kufikia saa kumi kila mtu aliona kwamba Reiger amekwisha.

"Shemeji, tumalize?"

"Hapana. Bado anafikiri."

Wakaendelea. Mashine ya Gerlof ilikuja kete kwa kete, na kila mara korongo alisimama kimya, akatafuta, akajibu. Kulipokuwa kumebaki hatua moja tu, Gerlof alimwekea Tjitske malkia mweusi pale pa kumfungia mfalme mweupe, na hakugusa saa.

Tjitske alijua atakachoandika, na alijua kwamba akishakiandika Reiger hatakuwa na la kujibu tena. Akaweka mikono mapajani. Kwenye skrini alama ndogo iliwaka na kuzima, ikingoja.