Matone Madogo

Nilifunua sinia la unga mvuani kwa sekunde kumi, nikalifunika. Unga wa ngano ulikuwa umejaa madonge madogo kama uwele, yamebanana, hakuna pa kupitisha kidole. Kila donge ni tone moja la mvua.

Hiyo ndiyo kazi niliyosomea diploma: kukamata matone, kuyakausha na kuyapima, ili watafiti wayalinganishe na rada yao iliyokuwa juu ya lori Kasumulu. Mwaka huo, 1994, kila kitu kilipita mpakani pale: mitumba, sabuni, betri. Rada nayo ikaja. Ina udhaifu mmoja: huliona tone moja kubwa vizuri kuliko matone madogo mia. Mvua ya matone madogo inaweza kujaza mto, rada ikaiita manyunyu.

Lazaro, mkuu wa watafiti, aliita mvua ile manyunyu vilevile. Nilimpata kwa redio ya upepo, akaniambia nisubiri madonge yakauke, tutazungumza kesho.

Sikusubiri. Wakwe zangu wanakaa Ndandalo, kando ya mto, na mume wangu alikuwa Mbeya. Nikapanda baiskeli.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala hatamki jina lake. Kwa miaka kumi na miwili, nikisikia kikohozi chake njiani, najitosa migombani mpaka apite. Sikuwahi kuona shida.

Nilisimama nyuma ya nyumba, nikamtuma mama mkwe amwambie mzee nilichokiona kwenye unga, wahame. Akarudi akijizuia kucheka: mzee anasema mto anaujua tangu sijazaliwa, huo unga nikakaangie maandazi. Nikamtuma tena. Safari hii hakucheka. Mzee amelala, hatoki, naye hawezi kumwacha mumewe.

Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mpunga. Nikapita mlangoni, nikaingia.

Mzee alijigeuza ukutani, akavuta shuka usoni.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Maji yanakuja. Nimeyaona mwenyewe, tone kwa tone."

Mama mkwe alijishika mdomo. Juu ya bati mvua ilinyesha laini, haina kishindo, mvua ambayo ingemlaza mtu yeyote.

"Yatafika wapi?" mzee akauliza. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Nilikuwa nimeshaweka kiganja kifuani pangu kumwonyesha kimo cha maji. Polepole, akageuka kunitazama.