Ukoo wa Maneno ya Kutazama

Mimi ni Mgusii, na miaka mitatu ya Mbita haijanipa Kidholuo zaidi ya kile cha kununulia samaki. Ndiyo maana nilimhitaji Trizah. Gredi ya tisa yote ilijua hivyo. Asiyejua alikuwa Mwalimu Mkuu Cephas peke yake.

Kiingereza nilikifundisha kwa koo za maneno. Unachukua shina moja la Kilatini, tuseme spect, yaani kutazama, halafu unawaita watoto wake mmoja mmoja. Inspect anatazama ndani, huyo ni mkaguzi. Expect anatazama nje, huyo anangoja mgeni. Respect anageuka kutazama mara ya pili, kwa sababu aliyepita si mtu wa kupita hivi hivi. Nilipofika kwa suspect, anayetazama kutoka chini kwa kushuku, darasa likanikodolea macho.

"Trizah, hebu waambie kwa Kidholuo," nikasema, kama nilivyozoea.

Akasimama. Akatumia neno lao la kutazama, ng'iyo, akainama kama mama anayepara samaki ufuoni, kisha akainua macho tu, kichwa kikiwa bado chini, kumwelekea mnunuzi wa kufikirika na mizani yake. Darasa likaangua kicheko. Hata Nicholas, ambaye Kiingereza kwake ni mlima, akapiga dawati. "Madam, sasa nimeshika!"

Cephas alikuwa dirishani.

Shuleni kwetu kuna kibao chenye kamba. Ukikutwa unaongea lugha ya nyumbani unakivaa shingoni, na anayekutwa nacho Ijumaa hawakilishi shule popote muhula huo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Trizah alikuwa aende Homa Bay kwenye mashindano ya msamiati, na mshindi angesomeshwa shule ya upili hadi amalize. Analelewa na nyanya yake, Mama Rispa, mwanika omena, wale dagaa wa ziwani. Njia nyingine ya kuendelea na masomo hakuwa nayo, na mimi ndiye niliyemwandaa tangu Januari.

"Nani amekuruhusu kuongea Kidholuo darasani?" Cephas akamuuliza.

Ningesema ni mimi. Ingetosha. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na barua ya kuuongeza ilikuwa mezani kwake. Nikageuka nikajifanya nafuta ubao, mtu mzima mimi, na shahada yangu.

"Hakuna mtu, sir," Trizah akasema. "Ni mimi tu."

Akavikwa kibao. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na nikajichukia kwa hilo, maana hayo machozi hayakuwa haki yangu.

Saa kumi nikaenda ofisini kusema ukweli. Mungu ananiona, maneno nilikuwa nimeyapanga. Kabla sijaketi, Cephas akanisukumia karatasi.

"Madam Bochaberi, weka sahihi hapo. Ni miaka miwili. Halafu Jumatatu utampeleka Walter."

Walter ni kijana mzuri, anakariri kama kasuku. Ukimwondolea daftari, amekwisha. Cephas alijua, nami nilijua. Nikaweka sahihi. Nikasema asante, tena mara mbili.

Jumatatu asubuhi tulikuwa stendi, mimi na Walter, nikamwona Mama Rispa akija mbio mbio na mfuko mkononi. Nikajua mambo yameiva. Kwa kweli nilitamani yaive. Anitukane, watu wakusanyike, mtu mmoja Mbita nzima aniambie mimi ni nani.

Akafika akihema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, huyu mtoto ameniambia yeye ndio alikosea," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Amekataa kula tangu Ijumaa. Anasema amekuaibisha mbele ya mkubwa wako. Tafadhali, usimuwekee roho mbaya. Umusamehe."

Ule mfuko ulikuwa wa omena, iliyokauka vizuri, ya kuuza. Akanisukumia kifuani. Gari lilikuwa limejaa na utingo alikuwa anatuita, Walter ameshapanda. Nikaupokea mfuko.

"Nimemsamehe, mama," nikamwambia.